Mguu Usiokatwa

Hotuba ya Kamati ya Huduma ya Afya, iliyosomwa katika ukumbi wa mandir jioni ya maadhimisho



Tulipopewa nafasi hii tuliombwa tulete habari za kambi ya miguu bandia. Picha zake zimetundikwa ukutani nyuma yenu, na tunajua kwamba wengi mmekwisha kuzitazama kabla ya kuketi. Mmemwona yule bibi anayeshuka ngazi bila kushikwa mkono. Mmemwona yule kijana aliyepanda baiskeli palepale uani, akazunguka mara mbili na kukataa kushuka. Habari hizo ni njema, nasi hatukuja kuzipunguza. Lakini tulimwomba Mwenyekiti atupe ruhusa ya kusema jambo moja ambalo picha haziwezi kulisema, naye alitupa ruhusa hiyo, ingawa hakuitoa upesi.

Mguu wa kubandika si jambo geni katika mapokeo yetu. Katika Rigveda mna habari za Vishpala, aliyepoteza mguu vitani, na wale Ashvini wawili, waganga wa miungu, wakampa mguu wa chuma ili aendelee na safari. Wanazuoni wanabishana hata leo kama Vishpala alikuwa mwanamke shujaa au farasi wa mashindano. Ugomvi huo tunawaachia wenyewe. Kwa wakati wetu, mguu tunaoujua ni ule wa Jaipur, uliobuniwa mwaka 1968 na fundi Ram Chandra Sharma pamoja na daktari wa upasuaji P. K. Sethi. Miguu bandia iliyokuwa ikiletwa kutoka Ulaya ilitengenezwa kwa mtu avaaye viatu na kuketi kitini. Mtu wa Rajasthan huchuchumaa, huketi chini amekunja miguu, hutembea peku, huingia shambani penye maji. Kwa hiyo wakatengeneza wayo wa mpira unaokunjika huku na huku, usiodai kiatu. Mwaka 1975 D. R. Mehta alianzisha huko Jaipur shirika linalogawa miguu hiyo bila malipo, na kambi zake zimekwisha kufika nchi nyingi za Afrika. Mguu uliotengenezwa kwa ajili ya mkulima wa Rajasthan unamfaa pia mkulima wa Shinyanga anayepanda mpunga ndani ya jaruba, na unamwezesha mtu kuvua viatu mlangoni mwa mandir kama wenzake. Ndiyo maana tuliupenda, na tutaendelea kuupenda.

Sasa tuseme lililotuleta. Siku ya pili ya kambi, mmoja wetu aliyekuwa akiandikisha majina aliongeza swali ambalo halikuwamo katika fomu. Aliwauliza waliokuja: huo mguu uliondokaje? Hakuuliza kwa ajili ya takwimu, wala hatuna takwimu za kuwapa usiku huu. Aliuliza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na watu walitaka kuzungumza.

Mchimbaji mmoja kutoka upande wa Nyarugusu alisema kwamba jiwe lilimwangukia kwenye muundi akiwa ndani ya duara. Mfupa ulivunjika, ngozi haikuchanika. Wenzake walimpandisha kwa winchi, wakaufunga mguu kwa vipande vya mti na mipira ya tairi waliyoivuta kwa nguvu zao zote, maana walimpenda na walitaka mfupa usicheze. Usiku ule alilia kwa maumivu, nao wakamwambia avumilie, mfupa ndivyo ulivyo. Asubuhi maumivu yakapungua, wakashukuru. Kumbe mguu ulikuwa umekufa ganzi. Siku ya tatu vidole vikawa vyeusi.

Dereva wa bodaboda kutoka Kahama alikuwa na hadithi nyingine. Kwake mfupa ulitokeza nje. Jeraha likapakwa majani ya kusagwa, likafungwa, likakaa hivyo siku nne kabla ya kuoshwa na mtu yeyote. Mama mmoja wa Kishapu hakuvunjika kabisa. Alikanyaga mwiba, na kwa kuwa kisukari kilikuwa kimekwisha kuua hisi za nyayo, hakujua kwamba amechomwa mpaka harufu ilipomwambia.

Tukalitafakari hilo. Tulikuwa tumekusanya fedha kwa mwaka mzima ili tuwape watu miguu ya mpira, na hapa mbele yetu walikuwa wameketi watu ambao, tukiacha mapenzi ya Mungu, wangeweza kuwa na miguu yao wenyewe.

Si kila mguu ungeweza kuokolewa, nasi hatupendi kusema maneno makubwa kuliko tunayoyajua. Yako majeraha ya migodini na barabarani ambayo huuponda mguu hata pasibaki cha kuunganisha, na hapo daktari akikata huwa ameokoa roho. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wao kuhusu wagonjwa waliokatwa viungo katika hospitali hiyo. Sababu iliyoongoza ilikuwa vidonda vya miguu vya kisukari, na ya pili ilikuwa majeraha. Hiyo ya kwanza inatuhusu sisi wa ukumbi huu kuliko tunavyopenda kukiri. Tunazunguka hekalu peku saa nane ya mchana, juu ya saruji iliyochomwa na jua la Shinyanga, wengine wetu tukiwa na sukari ya miaka 15 na nyayo zisizosikia tena. Kisha tunapokea prasad mara mbili. Maharaj atatusamehe. Tunaiomba Halmashauri itandike mikeka uani katika miezi ya joto, na tunawaomba wenye kisukari wazitazame nyayo zao kila usiku kabla ya kulala, au watazamiwe na wajukuu. Hilo halina gharama.

Turudi kwenye mfupa uliovunjika, maana ndio unaotusumbua.

Mfupa una tabia njema. Ukitulizwa katika mstari wake, wenyewe hujiunga: wa mkono wa mtoto katika wiki chache, wa paja la mtu mzima katika miezi mitatu au zaidi. Kinachoponya ni mwili wenyewe. Hogo, vyuma na magango kazi yake ni kuushika mfupa mahali pake wakati mwili unafanya kazi. Hatari kubwa haiko kwenye mfupa bali iko kwenye nyama inayouzunguka. Misuli ya muundi na ya kigasha imefungwa ndani ya ala ngumu zisizotanuka. Mfupa ukivunjika, damu humwagika ndani na misuli huvimba. Uvimbe ukikosa pa kwenda, huibana mishipa ya damu, na misuli hukosa chakula chake. Ikikosa damu kwa saa sita hivi, huanza kufa. Na sasa fikirini mtu ameongeza juu yake mpira wa tairi uliovutwa na vijana watatu wenye nguvu.

Dalili zake hazijifichi. Maumivu huzidi badala ya kutulia, hata mtu akiwa amelala kimya. Ukimnyoosha vidole taratibu, anapiga kelele. Vidole hupoa na kupauka. Ukibonyeza ukucha, wekundu hauharakishi kurudi. Halafu huja ganzi. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa kuwa ganzi hufanana na nafuu. Mtu aliyefungwa mguu, akalia usiku kucha, kisha akanyamaza alfajiri bila kutibiwa, asiachwe alale. Fungueni kila kilichofungwa mpaka ngozi ionekane, kisha mpelekeni hospitali hapo hapo. Kama ni hogo, likatwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama limewekwa jana na daktari bingwa. Hakuna mfupa uliopinda kidogo ambao hauwezi kunyooshwa baadaye. Nyama iliyokufa hairudi.

Jambo hili halikugunduliwa juzi. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliandika mwaka 1881 kuhusu mikono iliyokunjamana kwa sababu ya kufungwa kwa kukazwa, na jina lake limebaki kwenye ulemavu huo. Lakini sisi tuliokulia katika nyumba zenye vitabu vya Ayurveda tulipaswa kulijua mapema zaidi. Susruta, katika kitabu chake cha tiba kilichoandikwa zaidi ya miaka 1500 iliyopita, anaeleza jinsi ya kuvuta mfupa na kuulaza katika mstari wake, na jinsi ya kuufunga kwa magamba ya miti na mianzi. Kisha anaonya kwamba kitambaa kilicholegea hakiushiki mfupa, na kilichokazwa mno huleta uvimbe, maumivu na usaha. Afungaye na afunge kwa kiasi. Anaendelea kusema kwamba wakati wa baridi mfungo ufunguliwe na kutazamwa kila siku ya saba, wakati wa kati kila siku ya tano, na wakati wa joto kila siku ya tatu. Shinyanga haina baridi ya kumtisha Susruta. Madaktari wa leo wanataka mfungo utazamwe mapema zaidi ya hapo, ndani ya siku ya kwanza.

Tunalitaja hilo kwa sababu ya aibu yetu wenyewe, nayo ndiyo sehemu ya hotuba hii ambayo tulibishana kama isomwe au isisomwe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika sikukuu moja hapa hapa uani, mtoto wa jirani alianguka kutoka ukutani alikopanda kutazama ngoma. Hema letu la huduma ya kwanza lilikuwepo. Tulimpokea kwa upendo, tukaona kigasha kimevimba, tukakifunga kwa bandeji ya kuvutika, mizunguko mingi, kwa mkazo. Tulimpa soda na vidonge vya maumivu. Tukamwambia mama yake amlete baada ya siku tano. Mama alirudi siku ya pili kusema mtoto hakulala. Mmoja wetu, bila kuugusa mkono wenyewe, alimjibu kwamba maumivu ni kawaida na kwamba asifungue bandeji, asije akaharibu kazi. Mama akatii. Alitutii kwa sababu tulivaa fulana nyeupe zenye alama ya mandir.

Mkono haukukatwa. Lakini vidole vilikunjamana kuelekea kiganjani na havikunyooka tena. Leo ni kijana, anaandika kwa mkono wa kushoto. Huyo hakufungwa na mganga wa kijijini, wala hakufungwa na wachimbaji kwa mpira wa tairi. Tulimfunga sisi, tukiwa na bandeji safi ya dukani na cheti cha mafunzo kimetundikwa hemani.

Kwa hiyo mtatuelewa tukisema kwamba hatuko tayari kuwacheka waunga mifupa wa jadi. Katika meza nyingi za mjini wao ndio wanaolaumiwa kwa kila mguu uliooza. Wapo wanaostahili lawama: anayekanda na kuvuta mfupa upya kila baada ya siku mbili, anayechanja ngozi juu ya mvunjiko, anayekataa kusema kwamba jambo limemshinda. Lakini wazee wetu walipokuja kutoka Gujarat kufanya kazi katika vinu vya pamba na maduka ya Usukuma, huko kwao walikuwa wameacha hadvaid, waunga mifupa wa ukoo, na hapa wakawakuta wenzao. Wengi wetu tuna shangazi au mjomba aliyeungwa na mzee wa Kisukuma akapona vizuri. Lugha yenyewe inawaheshimu: kuganga ni kufunga kwa gango, na kutoka hapo tumepata mganga, jina ambalo Serikali nayo humpa mkuu wa tiba wa mkoa.

Na tuulize kwa haki: kwa nini mtu aliyevunjika paja huko Geita anakwenda kwa mzee badala ya hospitali? Watu hujibu upesi kwamba ni ujinga. Sisi tulipowasikiliza tuliona ni hesabu. Paja la mtu mzima lisipopasuliwa na kuwekewa chuma, hutibiwa kwa kuvutwa na uzito kitandani, wiki sita au zaidi, mgonjwa akiwa amelala chali. Wiki sita hizo mtu wa kumuuguza lazima awepo, ale, alale mahali. Mchimbaji mdogo hana mshahara. Hulipwa mgao wa mifuko ya mawe, na asiposhuka duarani hana mgao. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unamhusu aliyeajiriwa na kuandikishwa, na yeye hakuandikishwa na mtu. Mchuma janga hula na wa kwao: mke anauza mbuzi wa kwanza, wa pili, na wiki ya tatu familia inamtoa mgonjwa wodini usiku. Mzee wa kijijini hulipwa kidogo kidogo, hata kwa kuku, na mgonjwa hulala kwake. Juu ya hesabu hiyo kuna hofu, kwamba hospitali hukata miguu. Hofu hiyo nayo ina chanzo chake, maana walioonekana wakikatwa ni wale waliofika wakiwa wamechelewa.

Migodi mikubwa iliyofunguliwa katika ukanda huu, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka uliofuata, ina zahanati zake, magari yake na kanuni zake za usalama. Hatari kubwa iko kwa wachimbaji wadogo. Dunia huwasikia wanapofukiwa wengi pamoja. Ilisikia habari za Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015, watu watano walipotolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Ilisikia Januari 2017, watu 15 walipookolewa katika mgodi wa RZ huko Geita. Hakuna mwandishi anayekuja jiwe moja linapomwangukia mtu mmoja mguuni, nayo ndiyo ajali ya kila wiki: tabaka lililokosa matimba, kamba ya winchi iliyochakaa, mkono ulionaswa kwenye mkanda wa karasha. Na anayenusurika duarani hurudi nyumbani kwa pikipiki. Madaktari wa Bugando walikwisha kuandika mwaka 2010 kwamba majeraha ya pikipiki yamekuwa tatizo jipya la afya katika jiji la Mwanza. Tangu hapo pikipiki hazikupungua.

Hata hivyo, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mambo mengi yamebadilika na watu wetu hawajaambiwa. Siku hizi paja lililovunjika si lazima livutwe kwa wiki sita. Kuna msumari mrefu wa chuma unaopitishwa ndani ya mfupa na kufungwa kwa skrubu juu na chini; mgonjwa huweza kusimama na magongo baada ya siku chache. Mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle wa Marekani alianzisha shirika la SIGN, linalotoa misumari ya namna hiyo kwa hospitali za nchi zisizo na mashine ya kuona mfupa wakati wa upasuaji, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni miongoni mwa zilizoitumia. Pale KCMC Moshi, tangu mwaka 1981, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo mguu bandia ukivunjika huna haja ya kungoja wageni kutoka ng'ambo. Na barabara: kwa miaka mingi mgonjwa wa Geita aliyepelekwa Bugando alikuwa akisubiri kivuko cha Kigongo na Busisi, gari likiwa kwenye foleni na mguu ukivimba. Juni 2025 daraja la kilomita 3 hivi lilifunguliwa juu ya maji yale. Zile saa sita tulizozitaja sasa zinaweza kutosha, ikiwa mtu ataondoka mapema.

Ikiwa ataondoka mapema. Mara nyingi anachelewa kwa mambo madogo. Moja ni fomu ya polisi, PF3. Fomu hiyo ina kazi yake kisheria, nasi hatuipingi. Lakini familia nzima isikae kituoni na majeruhi wao wakingoja muhuri. Ndugu mmoja aende polisi, mwingine aende na mgonjwa hospitali, wakutane huko. Jingine ni kumpakia mtu aliyevunjika paja kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili. Paja lililovunjika huweza kumwaga zaidi ya lita moja ya damu ndani kwa ndani, na kila tuta la barabara huongeza. Alazwe. Mguu mzima ufungwe pamoja na ule mbovu, pakiwa na nguo laini katikati, kwa vitenge vipana visivyokazwa, na vidole vibaki nje vionekane. Mfupa ukiwa umetokeza, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na lisipakwe kitu chochote, wala mafuta, wala majani, wala dawa ya meno. Mfupa usirudishwe ndani kwa mikono. Jeraha hilo linataka kuoshwa hospitalini, sindano ya pepopunda, na dawa za kuzuia usaha mapema iwezekanavyo.

Wazee mnaoumwa magoti mmetutazama tangu mwanzo mkitarajia zamu yenu, na tunaomba radhi. Magoti yana mengi ya kusemwa, na floridi katika baadhi ya visima vya mkoa huu, ambayo ikizidi huingia mpaka mifupani kama ilivyotokea Rajasthan, nayo inahitaji siku yake. Kwa leo mtuvumilie.

Sasa ombi letu kwa Halmashauri na kwa mkutano huu. Katika fungu la maadhimisho kuna fedha zilizotengwa kwa kambi nyingine ya miguu mwakani. Kamati inaomba fungu hilo ligawanywe mara mbili. Nusu ibaki kwa miguu bandia, kwa kuwa waliokwisha kukatwa hawawezi kungoja tujifunze. Nusu ya pili iwe ya mguu usiokatwa: mafuta au nauli ya gari la kumfikisha majeruhi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kolandoto au Bugando ndani ya saa chache, chakula na malazi ya mtu anayemuuguza, ili mgonjwa asitoroshwe wodini, na nauli ya kurudi kliniki, maana hogo lisilotazamwa ni sawa na bandeji yetu ya siku ile. Sehemu kidogo itumike kuketi pamoja na waunga mifupa na viongozi wa maduara.

Tunajua ugumu wa ombi hili. Mfadhili akitoa mguu, jina lake huandikwa, hupigwa picha na mtu anayesimama. Akitoa nauli ya gari, hakuna picha. Mtu aliyepona mvunjiko hutembea sokoni kama watu wengine na hakuna anayemgeukia. Wajumbe wawili wa kamati hii wenyewe walipinga, wakasema wafadhili watakimbia. Huenda wakawa na haki. Tunaomba suala lipigiwe kura, na matokeo yoyote tutayatumikia.

Kura itakavyokuwa, jambo moja tutaanza nalo bila kungoja fedha. Jumapili ijayo, baada ya arti ya asubuhi, tutakutana hapa uani. Leteni vitenge vikuukuu, magazeti, maboksi ya karatasi ngumu na vipande vya mianzi. Muuguzi wa wodi ya mifupa atatufundisha kufunga bila kukaza na kubonyeza ukucha. Mzee mmoja mwunga mifupa kutoka upande wa Old Shinyanga, aliyeketi nasi usiku huu katika safu ya tatu, amekubali kutuonyesha jinsi anavyochonga magango yake na kuyavika pamba, na ametuuliza kama naye ataruhusiwa kumuuliza muuguzi maswali. Ataruhusiwa.

Yule kijana wa mkono pia tulimwomba aje. Tulichukua muda mrefu kupata ujasiri wa kwenda kwao. Mama yake alitukaribisha chai. Kijana amesema atakuja, na kwamba yeye ndiye atakayekagua mifungo yote kabla ya watu kuondoka.